Wapuritani, Wakatoliki na Mpango wa Dini wa Malkia Elizabeth I: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali wanayoyarudia wanafunzi wa historia, makatekista, na Waanglikana wanaotaka kujua kanisa lao lilitoka wapi. Majibu yameanza na mambo ya msingi, kisha yakaingia kwenye yale yanayowachanganya wengi. Jambo lililojibiwa mahali pengine limeonyeshwa kwa namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Mpango wa Dini wa 1559 ulikuwa nini?

Elizabeth I alirithi kiti cha Uingereza tarehe 17 Novemba 1558, dada yake Mary I alipofariki. Ndani ya miaka 25 nchi ile ilikuwa imegeuzwa dini mara kadhaa. Baba yao, Henry VIII, aliikata kutoka Roma. Mdogo wao Edward VI akaisukuma kwenye Uprotestanti wa wazi, kisha Mary akairudisha kwa Papa. Elizabeth naye alitaka kuweka utaratibu wake, na safari hii utaratibu usiong'oka.

Bunge la 1559 lilipitisha sheria mbili. Ya kwanza ilimrudishia mfalme au malkia mamlaka juu ya kanisa. Ya pili iliamuru makanisa yote yasali kwa kitabu kimoja cha sala, kwa Kiingereza, kwa namna moja. Hii ya pili ilipita katika Baraza la Malodi, nyumba ya juu ya Bunge, kwa tofauti ya kura tatu tu, na maaskofu wote waliokuwamo waliikataa. Baadaye yakaongezwa maelezo ya imani, yaani Vifungu 39, vilivyokubaliwa 1563 na kukamilishwa 1571.

2. Kwa nini alijiita Gavana Mkuu wa kanisa, asijiite Kichwa kama baba yake?

Cheo cha Kichwa kingemkwaza kila mtu. Kwa Wakatoliki kichwa cha kanisa duniani ni Papa. Waprotestanti wakali walisema kichwa ni Kristo peke yake, na wengi, wa pande zote, hawakuwa tayari kumwita mwanamke hivyo. Neno Gavana lilikuwa laini zaidi. Mamlaka yenyewe, hata hivyo, hayakupungua sana, na makasisi, mahakimu na watumishi wa serikali walitakiwa kuyaapia. Kati ya maaskofu waliokuwa hai, Anthony Kitchin wa Llandaff peke yake ndiye aliyeapa akabaki na cheo chake. Wengine wote waliondolewa. Makasisi wa parokia walifanya kinyume: wengi mno waliapa, au walinyamaza, wakaendelea na kazi.

3. Mwananchi wa kawaida alitakiwa kufanya nini hasa?

Alitakiwa kwenda kanisani kwake kila Jumapili na sikukuu. Asiyekwenda bila sababu alitozwa peni 12, yaani shilingi moja (jina hilo la fedha ndilo Waingereza walilotuachia hadi leo). Wazee wa kanisa waliikusanya faini hiyo kwa ajili ya maskini wa parokia.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yote inayofuata. Sheria ilidai mwili uonekane kanisani. Haikumhoji mtu aliyeketi kimya anaamini nini moyoni. Francis Bacon aliandika baadaye kwamba malkia hakupenda kufungua madirisha ya kuchungulia mioyo ya watu. Wengi huisifu sera hiyo kwa upole wake, na kweli palikuwa na upole ndani yake. Lakini wapinzani wa pande zote mbili walikuwa na jibu moja: huwezi kuupiga magoti mwili ukadai moyo haukuhusika.

4. Je, ulikuwa mpango wa Kiprotestanti au wa nusu kwa nusu?

Mafundisho yalikuwa ya Kiprotestanti, ila sura ya nje ilibaki na mengi ya zamani. Mfano mzuri ni maneno ya kumpa mtu mkate wa Ekaristi. Kitabu cha 1549 kilisema kwa maana: mwili wa Bwana wetu uliotolewa kwa ajili yako ukulinde hata uzima wa milele. Cha 1552 kiliyafuta hayo kikasema: twaa ule kwa ukumbusho kwamba Kristo alikufa kwa ajili yako. Kitabu cha 1559 kiliyaunganisha yote mawili katika sentensi zinazofuatana. Aliyeamini Kristo yumo katika mkate alisikia lake, na aliyeamini ni ukumbusho akasikia lake.

Vilevile ombi la zamani la kuokolewa na udhalimu wa Askofu wa Roma liliondolewa kwenye litania, sala ya maombi ya kuitikiana. Maaskofu walibaki, na mavazi ya ibada pia. Kanisa la binafsi la malkia lilikuwa na msalaba na mishumaa, jambo lililowaumiza sana maaskofu wake mwenyewe.

## Wapuritani

5. Wapuritani walikuwa nani?

Jina hilo lilianza kama tusi, kwa maana ya watu wanaojifanya safi kuliko wenzao. Wao walipenda kujiita wacha Mungu. Walikuwa Waprotestanti walioona kwamba matengenezo ya kanisa yameachwa njiani. Baadhi ya viongozi wao walikimbia wakati wa Mary, wakaishi Geneva, Zürich na Frankfurt. Huko waliona makanisa yasiyo na kanzu wala mapambo. Waliporudi nyumbani wakaona kazi haijaisha.

Kosa linalorudiwa sana ni kuwafikiria kama dhehebu la pembeni. Katika enzi ya Elizabeth wengi wao walikuwa ndani ya Kanisa la Uingereza: makasisi, wahadhiri wa Cambridge, wabunge, hata watu wa baraza la malkia waliowaonea huruma. Waliojitenga kabisa walikuwa wachache (tazama swali la 9).

6. Ni kweli waligombania nguo?

Ni kweli, na haukuwa ugomvi wa kitoto. Sheria ilimtaka kasisi avae kanzu nyeupe pana wakati wa ibada, na kofia ya pembe nne anapokuwa nje. Wakubwa walisema mavazi ni jambo lisilo na uzito kwa wokovu, kwa hiyo malkia ana haki ya kuliamua. Wapuritani wakauliza: kama halina uzito, kwa nini mtufukuze kazi kwa ajili yake? Tena walikumbuka kwamba hayo ndiyo mavazi ya makasisi waliosimama upande wa serikali Waprotestanti walipochomwa moto. Mtu aliyemwona mchungaji wake akiungua hawezi kuambiwa kwamba kitambaa ni kitambaa tu.

Tarehe 26 Machi 1566 makasisi wa London waliitwa Lambeth, kwenye makao ya Askofu Mkuu Matthew Parker. Mbele yao alisimamishwa mwenzao, Robert Cole, amevishwa kila kitu kama sheria inavyotaka, awe mfano. Kisha wakaambiwa waandike neno moja la Kilatini: *volo*, nakubali, au *nolo*, sikubali. Hotuba na maelezo havikuruhusiwa. Makasisi 37 waliandika *nolo*, wakasimamishwa kazi. Parker mwenyewe alikiri kwamba miongoni mwa waliokataa walikuwamo walio bora.

7. Ugomvi ulitokaje kwenye kanzu ukafika kwa maaskofu?

Ukiona askofu anamfukuza mhubiri mzuri kwa sababu ya kanzu, swali linalofuata huja lenyewe: uaskofu huu ulitoka wapi? Mwaka 1570 Thomas Cartwright, profesa kijana wa Cambridge, alifundisha Matendo ya Mitume akaonyesha kwamba kanisa la kwanza halikuwa na maaskofu wakuu wala ngazi za vyeo kama zile. Alitaka kanisa liongozwe na wachungaji walio sawa pamoja na wazee waliochaguliwa, mfumo tunaoujua leo kwa jina la Kipresbiteri. John Whitgift, makamu mkuu wa chuo kikuu hicho, alimwondoa kwenye uprofesa.

Mwaka 1572 makasisi wawili vijana, John Field na Thomas Wilcox, walichapa kwa siri onyo kwa Bunge, wakakishambulia kitabu cha sala na maaskofu kwa maneno makali. Walifungwa mwaka mmoja. Malkia aliuelewa upande wa kisiasa wa hoja hiyo upesi: maaskofu ndio waliokuwa mkono wake ndani ya kanisa. Wakiondoka wao, ugavana wake ungebaki jina tupu.

8. Askofu Mkuu Grindal aliangukaje, na yeye alikuwa mkuu wa kanisa?

Kati ya habari zote za enzi hii, hii ndiyo ningependa isomwe polepole, kwa sababu Edmund Grindal hakuwa mpinzani wa mtu. Aliteuliwa na malkia mwenyewe, akawa Askofu Mkuu wa Canterbury mwanzoni mwa 1576.

Wakati huo makasisi wa maeneo mengi walikuwa na desturi ya kukutana kwenye mji wa soko. Walichukua fungu moja la Biblia, wakalieleza mmoja baada ya mwingine, kisha wakasahihishana. Mara nyingi wananchi walikaa wakisikiliza. Kwa kanisa lenye makasisi wengi wasioweza kuhubiri, ilikuwa shule. Malkia aliona hatari, yaani mikusanyiko, mijadala, na watu wa kawaida wakipima mafundisho. Alisema wahubiri watatu au wanne kwa mkoa wanatosha, akaamuru mikutano ipigwe marufuku.

Grindal angeweza kuitii amri hiyo kimyakimya. Badala yake, Desemba 1576, alimwandikia malkia barua ndefu. Alimwambia yuko tayari kuvuliwa cheo, lakini hawezi kuisaini amri hiyo, kwa kuwa ni afadhali amkosee mtukufu wa duniani kuliko kumkosea Mtukufu wa mbinguni. Kisha akamkumbusha kwamba yeye pia ni kiumbe atakayekufa.

Mwaka uliofuata alisimamishwa na kuzuiliwa nyumbani kwake. Hakurudishiwa mamlaka yake yote hadi alipofariki mwaka 1583, akiwa kipofu. Kwa miaka hiyo kanisa zima lilikuwa na kiongozi asiyeruhusiwa kuongoza. Aliyemrithi ni Whitgift, yule yule wa swali la 7, ambaye mara moja aliwataka makasisi wote wakiri kwa saini kwamba kitabu cha sala hakina lolote lililo kinyume na Neno la Mungu. Mamia walisita.

9. Kuna waliojitenga kabisa na kanisa la taifa?

Walikuwapo. Robert Browne aliunda kusanyiko la hiari huko Norwich mwanzoni mwa miaka ya 1580, kisha akakimbilia Uholanzi, ingawa baadaye alirudi kanisani. Henry Barrow na John Greenwood hawakurudi, na walinyongwa Aprili 1593. John Penry alifuata mwezi uliofuata. Penry alihusishwa na vijitabu vya Martin Marprelate vya 1588 na 1589, vilivyochapwa kwa mtambo uliohamishwa nyumba hadi nyumba na kuwacheka maaskofu kwa majina yao. Mwaka huo huo wa 1593 ikatungwa sheria ya kuwafukuza nchini wanaokataa ibada ya taifa na kukutana faraghani.

## Wakatoliki

10. Kwa nini Wakatoliki walikuwa kimya miaka kumi ya kwanza?

Wengi walisubiri. Walikwishaona dini ikibadilika na mtawala, na Elizabeth hakuwa na mume wala mtoto. Mapadre wa zamani walisoma ibada mpya hadharani na kuadhimisha Misa faraghani. Familia nyingi zilimtuma baba kanisani ili kukwepa faini, mama akabaki nyumbani na rozari yake. Serikali nayo haikuwasukuma sana. Hata hivyo kizazi kile cha mapadre kilikuwa kinazeeka, na nchini hapakuwa na wa kuwarithi.

11. Nini kilibadilika 1568 hadi 1570?

Mambo matatu yalifuatana. Mwaka 1568 Mary Stuart, malkia wa Uskoti aliyepinduliwa, alikimbilia Uingereza. Alikuwa Mkatoliki na mwenye haki ya karibu ya kurithi. Novemba 1569 mabwana wawili wa kaskazini, Thomas Percy wa Northumberland na Charles Neville wa Westmorland, waliasi. Watu wao waliingia kanisa kuu la Durham, wakararua Biblia na vitabu vya sala vya Kiingereza, na Misa ikaadhimishwa tena. Uasi ulisambaratika kabla ya mwaka mpya, na mamia ya watu wa kawaida wakanyongwa.

Kisha, tarehe 25 Februari 1570, Papa Pius V alitoa hati ya kumtenga Elizabeth na Kanisa, akatangaza kwamba si malkia halali na kwamba raia wake hawafungwi na kiapo cha kumtii. Hati hiyo ilikuja baada ya waasi kushindwa, kwa hiyo haikumsaidia yeyote kati yao. Waliobaki iliwaweka njia panda. Mkatoliki aliyempenda Papa na kumtii malkia sasa alionekana msaliti wa mmoja wao, na mwaka 1571 Bunge lilifanya kuleta hati za namna hiyo nchini kuwa uhaini. Papa Gregory XIII alilegeza mwaka 1580 kwa kueleza kwamba Wakatoliki hawakufungwa kuitekeleza hati katika hali iliyokuwapo. Serikali ilisoma hapo kwamba wanasubiri nafasi tu.

12. Mapadre wapya walitoka wapi?

Walitoka ng'ambo. William Allen alifungua seminari Douai mwaka 1568, na vijana wa Kiingereza wakaenda kusomea upadre huko. Wa kwanza wao kuuawa alikuwa Cuthbert Mayne, mwaka 1577. Mwaka 1580 wakaja Wajesuiti Edmund Campion na Robert Persons. Campion alikuwa msomi wa Oxford aliyewahi kusema mbele ya malkia na kusifiwa. Alisafiri kwa kujibadilisha sura, akakamatwa Julai 1581, akateswa kwa kunyooshwa viungo, na kuuawa Tyburn, mahali pa kunyongea London, tarehe 1 Desemba. Mahakamani aliwaambia majaji kwamba wakiwahukumu wao, wanawahukumu mababu zao wote.

Sheria zikazidi kukaza. Mwaka 1581 faini ya kutokwenda kanisani ilipanda kutoka shilingi ya kila Jumapili hadi pauni 20 kwa mwezi, fedha ambayo fundi hakuipata kwa mwaka mzima. Kuanzia 1585, padre aliyepewa daraja ng'ambo alikuwa mhaini kwa kuwapo tu nchini, na aliyemhifadhi alistahili kifo.

13. Margaret Clitherow alifanya kosa gani?

Alificha mapadre nyumbani kwake York. Alikuwa mke wa muuza nyama. Mume wake alifuata kanisa la taifa, akawa anamlipia faini. Alipofikishwa mahakamani mwaka 1586 Margaret alikataa kujibu shtaka, kwa sababu akijibu kesi itasikilizwa, na kesi ikisikilizwa watoto wake wataitwa kutoa ushahidi dhidi ya mama yao. Adhabu ya asiyejibu ilikuwa kulazwa chini na kurundikiwa mizigo mizito hadi afe. Alikufa hivyo tarehe 25 Machi 1586.

Papa Paulo VI alimtangaza mtakatifu mwaka 1970 pamoja na mashahidi wengine 39 wa Uingereza na Wales, akiwamo Campion. Ni Papa huyo huyo aliyewatangaza Mashahidi wa Uganda mwaka 1964.

14. Je, Wakatoliki wote walikuwa wanapanga kumwua malkia?

Hapana. Njama zilikuwapo kweli: ya Ridolfi 1571, ya Throckmorton 1583, ya Babington 1586. Hii ya mwisho ndiyo iliyompeleka Mary Stuart kwenye shoka, tarehe 8 Februari 1587. Lakini waliohusika walikuwa wachache. Manowari za Hispania zilipokuja 1588, Wakatoliki wa Uingereza hawakuinuka. Mwisho wa enzi hiyo kundi la mapadre lilifika hadi kutangaza rasmi utii wao kwa malkia katika mambo ya dunia.

Serikali nayo ilikuwa na swali la mtego: Papa akileta jeshi, utapigana upande gani? Padre asiye na habari ya njama yoyote alipojaribu kulijibu kwa dhamiri yake, jibu lenyewe likawa ushahidi.

## Maswali yanayochanganya

15. Wapuritani na Wakatoliki waliwahi kushirikiana?

La. Wapuritani ndio waliodai sheria kali zaidi dhidi ya Wakatoliki. Mwaka 1579 Mpuritani John Stubbs aliandika kupinga malkia kuolewa na mwana wa mfalme wa Ufaransa, Mkatoliki. Alikatwa mkono wa kulia, akavua kofia kwa wa kushoto, akapaza sauti: Mungu amwokoe Malkia! Wala wao hawakudai uhuru wa dini kwa wote. Kila upande ulitaka kanisa moja la taifa, lililo sahihi.

16. Nani aliumia zaidi?

Wakatoliki, bila shaka. Zaidi ya mapadre mia moja waliuawa, na walei kadhaa juu yao. Wapuritani wengi walipoteza kazi au uhuru, na waliouawa walikuwa wachache (swali la 9). Tusiwasahau pia Waanabaptisti (waliopinga ubatizo wa watoto wachanga) wawili wa Kiholanzi waliochomwa moto London mwaka 1575, ambao hakuna upande uliowalilia sana.

17. Elizabeth hakuwa na nafuu kuliko Mary?

Mary I alichoma watu wapatao 280 kwa muda usiofika miaka minne. Elizabeth alitawala miaka 44 na aliua wachache zaidi kwa ajili ya dini, wengi wao kwa jina la uhaini, si uzushi. Kwa mtu aliye chini ya kamba tofauti hiyo ni ndogo.

18. Palikuwa na mtu aliyevuka mipaka hii yote?

William Byrd. Alikuwa Mkatoliki, alishtakiwa kwa kutokwenda kanisani, na wakati huo huo alikuwa mwanamuziki wa kanisa la malkia. Alitunga nyimbo za ibada za Kiingereza, na katika miaka ya 1590 akachapa Misa za Kilatini za kuimbwa kwenye nyumba za siri. Malkia alimlinda kwa sababu ya kipaji chake. Muuza nyama wa York hakuwa na ulinzi kama huo kwa mkewe.

19. Haya yanawahusu vipi Waanglikana wa Afrika Mashariki?

Kwa njia ya moja kwa moja. Mvutano uliofungiwa ndani ya kanisa moja mwaka 1559 ulikuja huku na wamisionari. UMCA (misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza kwa Afrika ya Kati), waliojenga kanisa kuu la Mkunazini, Zanzibar, walipenda Misa, ubani na kasula, vazi la kasisi la Misa. CMS (Chama cha Misheni cha Kanisa), walioanzia Mombasa, walitilia mkazo mahubiri na Biblia.

Juni 1913 wamisionari wa madhehebu kadhaa walikutana Kikuyu, Kenya, kujadili umoja. Mwishoni Askofu William Peel wa Mombasa aliongoza Ekaristi ndani ya kanisa la Wapresbiteri wa Uskoti, na wasio Waanglikana wakapokea. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, akamshtaki Peel, pamoja na Askofu Willis wa Uganda, kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwa kosa la uzushi. Kitabu kilichosomwa siku ile Kikuyu kilikuwa mzao wa kile cha 1559, chenye sentensi zile mbili za swali la 4. Baadhi ya waliopiga magoti kupokea kwa kitabu hicho, kutoka mkononi mwa askofu, walikuwa warithi wa hoja ya Cartwright.